Udi wa kupika nyumbani, na kuifukiza nyumba masika yakishakatika

Masika yakishakatika, mwanzoni mwa Juni, fungua kabati lolote la nguo katika nyumba ya pwani na pua itakwambia yote. Kanga zilizokunjwa tangu Machi zimeshika uvundo, kanzu ya Idi ina vidoa vya ukungu shingoni, godoro la sufi limekuwa zito kwa unyevu, na nyuma ya sanduku kuna utando wa buibui ambao hakuna aliyeugusa kwa miezi mitatu. Kusi inapokuwa imeshika na hewa kukauka, ndipo bibi yangu alipokuwa akitangaza siku ya kutoa vitu nje. Chetezo, chombo cha kufukizia, kilitoka mwisho kabisa, jua likishalegea. Mtoto aliyeulizia udi asubuhi alikabidhiwa fagio la chelewa.

Naandika haya kwa sababu naona siku hizi mpango umepinduka. Mtu ananunua udi wa vijiti, anauwasha katikati ya chumba kilichojaa vumbi na nguo za kufua, kisha anasema ameisafisha nyumba. Moshi haufagii. Ukifukiza juu ya uvundo unapata uvundo wenye udi, na mchanganyiko huo ukishaingia kwenye pazia utakaa nao mpaka ulifue. Kwa hiyo hapa mna kazi mbili zinazokwenda pamoja: kupika udi, yaani vipande vya mbao yenye harufu vinavyopikwa kwa shira, ubani na viungo, ambao lazima uanze kiasi cha wiki 3 kabla, na kuiandaa nyumba ili huo moshi ukifika ukute mahali safi pa kukaa.

Si lazima usubiri Juni. Nyumba nyingi za Waislamu hufanya usafi huu mwishoni mwa Shaabani, siku zile za vunja jungu, ili Ramadhani iingie nyumba ikiwa nyepesi. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kuna miaka usafi wa Shaabani huangukia katikati ya mvua, na hapo itabidi uvizie siku mbili tatu za jua. Makunduchi, kusini ya Unguja, wana Mwaka Kogwa wao, sherehe ya mwaka mpya, mwezi Julai. Zamani, katika miji kadhaa ya pwani, Siku ya Mwaka ndiyo iliyokuwa siku ya kuzima moto wa zamani, kuzoa majivu yote mekoni na kuwasha moto mpya. Mimi desturi hiyo ya majivu naipenda kuliko zote, na nitairudia mwishoni kwa sababu inahusu chetezo pia.

Kukusanya vitu

Anza na ubani, kwa sababu ndio utakaobeba harufu nyingine zote. Ubani ni utomvu ulioganda wa miti ya jamii ya Boswellia, inayoota Dhofar kusini ya Oman, Somalia, na pia kaskazini mwa Kenya. Wavunaji huchana gome, utomvu mweupe unatoka kama machozi, unaachwa kiasi cha wiki 2 ugande, kisha unabanduliwa. Biashara hii ni ya kale kiasi kwamba bandari na vituo vyake vya Dhofar viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Bara wengi wanaijua harufu hii kutoka kanisani, kwenye misa. Pwani tunaijua kutoka nyumbani, Alhamisi jioni.

Sokoni, usinunue ubani kwa rangi peke yake. Chagua punje kavu zinazopasuka kwa ncha kali ukizibana, zisizo na vipande vya magome, zisizonata mkononi. Kisha omba punje moja uitafune. Ubani wa kweli kwanza unavunjika mdomoni kuwa kama unga, halafu baada ya muda unashikana na kuvutika. Unaoyeyuka ukaisha, au unaonata kwenye meno tangu mwanzo, si huo unaoutafuta. Gramu 100 zinatosha kwa kipimo nitakachotoa.

Udi wenyewe, ule wa mti, una habari yake. Unatokana na mti wa Aquilaria wa Asia, kuanzia Assam huko India hadi Indonesia. Mti ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe, nyepesi, hazinukii chochote cha maana. Ni pale mti unapojeruhiwa na kuvu kuingia ndani ndipo unapojikinga kwa kutoa utomvu mzito, na sehemu hiyo iliyojaa utomvu ndiyo udi. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana miti mingi isiyo nao imekatwa bure na watu wanaoutafuta. Biashara ya Aquilaria malaccensis iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995, na aina nyingine zote zikafuata mwaka 2005. Vipande vingi vinavyouzwa kwa bei ya huruma ni mbao za kawaida zilizochovywa rangi na manukato. Namna ya kupima: weka kijipande kwenye kaa la moto ukiangalie. Udi wa kweli hutoa mapovu madogo ya mafuta juu yake kabla ya kuungua, na moshi wake hauumi pua. Mbao ya rangi inaungua kama mbao.

Kwa fukizo la usafi wa nyumba huhitaji udi ghali. Huo weka kwa wageni na kwa harusi. Sandali inatosha kabisa, na mimi naona inafaa zaidi, kwa sababu harufu yake ni tulivu na haishindani na majani. Muulize tu muuzaji imetoka wapi. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, umeporwa vibaya katika misitu. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na tangu 2013 nao umo chini ya CITES. Akikupa jibu la kuzungukazunguka, nunua kidogo kwa mwingine anayejua mzigo wake.

Vitu vingine vyote viko jikoni na uani:

Karafuu kavu, vijiko 2 vya chakula. Ukiwa Unguja au Pemba tafuta makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Ni rahisi, na moshi wake ni laini kuliko wa karafuu yenyewe, ambayo ukizidisha inawasha koo.

Mdalasini, kijiti kimoja kirefu kama kidole cha kati.

Maganda ya iliki. Usiyatupe ukipika pilau au chai. Yaweke kwenye kopo mwaka mzima, utayashukuru siku hii.

Maganda ya chungwa au ndimu, yaliyokaushwa mpaka yavunjike, bila ile nyama nyeupe ya ndani.

Mrehani na kivumbasi, kiganja kimoja kimoja. Kivumbasi kinaota kando ya njia, na wengi wanakijua kwa kufukuza mbu. Mchaichai ukitaka. Majani yote yakaushwe kivulini, penye upepo, siku 4 hadi 7, mpaka yasagike kwa vidole. Ukiyaanika juani yanapauka na harufu yote inaondoka. Ukiyatumia yakiwa na umajimaji moshi unakuwa mchungu na udi wako utaota ukungu ndani ya chupa.

Marashi mawardi, nusu kikombe, na mafuta ya manukato tola 1, yaani karibu gramu 12. Chagua mafuta mazito yasiyo na spiriti: haludi, miski, au mafuta ya sandali. Manukato ya kupuliza hayafai. Yana spiriti inayoweza kushika moto karibu na jiko, na yakiungua yanaacha harufu ya dawa.

Sukari nyeupe vikombe 2, maji kikombe 1, ndimu moja.

Usiongeze jani usilolijua. Nimeona watu wanafukiza chochote walichosikia "ni dawa". Kuna mimea uani ambayo hata kuishika ni hatari. Mnyaa, kwa mfano, utomvu wake unaweza kuumiza macho vibaya. Na vumbi la mbao kutoka kwa seremala usilitumie kabisa, maana hujui mbao ile ilipakwa dawa gani ya mchwa.

Kupika

Usiku uliotangulia, vunja sandali (au udi) vipande vidogo vya saizi ya ukucha wa kidole kidogo, upate vikombe 2. Vinyunyizie marashi mpaka vilowe bila kuogelea, tia robo ya yale mafuta, changanya, funika bakuli. Mbao kavu hazinywi sukari vizuri. Zikiwa zimeshakunywa marashi, shira inazishika na harufu inabaki ndani yake. Ukiweza kuziacha siku 3, bora zaidi.

Ubani utie kwenye friza saa moja kabla ya kuutwanga. Ukitwangwa na joto unanata kwenye mchi na kinu mpaka ukate tamaa. Ukiwa baridi unapasuka vizuri. Usiufanye unga kabisa, bakisha chengachenga. Karafuu, mdalasini na maganda ya iliki twanga pamoja, kisha sagia majani na maganda ya chungwa kwa mkono juu yake.

Sasa shira. Tumia sufuria zito na moto mdogo. Changanya sukari na maji, koroga mpaka sukari iyeyuke, kamulia nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu, kisha weka mwiko chini na uache kukoroga. Ndimu ni kwa sababu ileile tunayoitia kwenye shira ya kaimati: inazuia sukari isirudi kuwa chembe. Na kukoroga ndiko kunakoiita ile chembe irudi. Sukari ikishika pembeni mwa sufuria, ifute kwa brashi iliyoloweshwa maji.

Baada ya dakika 15 hivi shira inakuwa nzito na mapovu yanakuwa makubwa, ya polepole. Hapo usiondoke. Mara ya kwanza nilipopika peke yangu nilikwenda kuitikia hodi, nikarudi sukari imekuwa rangi ya kahawa, nami nikaona nisipoteze vitu, nikaendelea. Udi ule ulitoka mzuri kwa macho, lakini kila ukiguswa na kaa ulinuka sukari iliyoungua, na nguo za mama alizozifukiza kwa ajili ya harusi ilibidi zifuliwe upya. Ikishaungua, mwaga uanze upya. Sukari ni rahisi kuliko sandali.

Kipimo ni hiki. Weka bakuli la maji baridi kando. Dondosha tone la shira ndani yake. Likitawanyika, bado. Likikaa chini likawa kidonge laini unachoweza kukiviringisha kwa vidole, epua hapohapo, shira ikiwa bado na rangi ya asali changa. Likilia kama kioo ukiligonga kwenye bakuli, umepitiliza kidogo, nalo lina dawa: tia vijiko 2 vya maji ya moto, taratibu, uso ukiwa mbali kwa sababu itaruka, urudishe motoni dakika moja. Watoto wasiwe karibu wakati wote huu. Shira ni moto kuliko maji yanayochemka na ikimwangukia mtu inashikilia ngozi.

Sufuria likishaepuliwa, mimina vile vipande vilivyolowekwa na ugeuze haraka kwa mwiko mpaka kila kipande kivae shira. Hapo shira italegea kidogo kwa sababu ya marashi, kwa hiyo rudisha juu ya moto mdogo kabisa, ukigeuza, dakika 5 hadi 10, mpaka mwiko uwe mzito mkononi na sufuria lionekane chini unapopitisha. Epua tena, mara ya mwisho. Subiri mapovu yatulie, ndipo utie ubani na viungo. Ubani usiupike motoni. Utayeyuka, utatoa harufu yake yote jikoni na kukuachia gundi.

Mafuta ya manukato yaliyobaki yanaingia mwishoni kabisa, mchanganyiko ukiwa vuguvugu, unaoweza kuugusa bila kuumia. Watu wengi hukosea hapa kwa haraka. Mafuta yakikutana na moto yanapaa, na ile harufu tamu inayojaa nyumba nzima wakati wa kupika, ambayo kila mtu anaisifia, ni harufu uliyoinunua ikitoka dirishani.

Paka sinia mafuta kidogo sana, tandaza mchanganyiko uwe na unene wa sentimita moja, na kabla haujakauka kabisa uchambue vipande kwa mikono iliyopakwa mafuta. Ukisubiri ugande kabisa utahitaji nyundo. Utapata kama gramu 700 au 800, kiasi cha kutosha nyumba ya vyumba vitatu kwa muda mrefu.

Tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, weka mahali pa giza, andika tarehe. Wiki ya kwanza ukifungua utasikia sukari na karafuu tu, kila moja peke yake. Baada ya wiki 3 harufu zimeoana. Plastiki usiitumie, inanyonya mafuta na kuyageuza. Ukiona udi unatoa majimaji ndani ya chupa, shira haikuiva. Utandaze tena kwenye sinia juani saa chache, ukiwa umefunikwa kwa kawa sisimizi wasiuvamie.

Fukizo kavu la majani, kwa asiyetaka kupika

Wenye haraka, au wanaokaa nyumba ndogo isiyovumilia utamu wa udi, watwange tu sehemu 2 za ubani kwa sehemu 1 ya majani na viungo, na nusu sehemu ya unga wa sandali, wachanganye na matone machache ya mafuta, wakaitunza vilevile. Usipunguze ubani. Majani peke yake kwenye kaa yanawaka sekunde chache na kubaki moshi wa kuni. Ubani unayeyuka juu yao na kuyapa muda. Mchanganyiko huu ndio ninaoutumia stoo na jikoni, na siku hizi nautia kivumbasi kingi kwa sababu harufu yake ni safi, kama nyasi baada ya mvua.

Siku yenyewe

Chagua siku ya jua na upepo. Anza mapema, magodoro na mito itoke nje kabla ya saa 3 asubuhi ili ipate jua kali la mchana pande zote mbili. Sufi ipigwe kwa fimbo. Kila nguo iliyoko kabatini itoke, hata ile unayojua ni safi.

Hapo ndipo kuna kazi ngumu ya siku nzima, nayo haihusu moshi. Tandika mkeka na ugawe: zinazorudi, zinazofuliwa, zinazotolewa. Kanga iliyochanika katikati itakuwa tambara la jikoni leo, si "siku moja". Nguo za watoto zilizowabana zimpate mtoto mwenye mwili nazo, nazo zitoke zikiwa zimefuliwa na vifungo vyake vipo, kwa sababu kutoa kitu kichafu ni kumpa mwenzio kazi. Makopo yasiyo na vifuniko, chaja zilizokufa, dawa zilizopita tarehe, mifuko ndani ya mifuko: hivyo ndivyo vinavyoficha mende na unyevu. Ninayo kanuni moja tu na inanifaa: kilichoamua kutoka kitoke nje ya mlango siku hiyohiyo, kabla ya magharibi. Kikilala ukumbini kinarudi kabatini.

Kabati likiwa tupu, lifute ndani kwa maji yenye siki kidogo, hasa mgongoni na kwenye pembe penye vidoa vya ukungu, uliache wazi likauke kabisa. Kuta na dari zianze kufagiliwa, kisha sakafu, halafu deki. Ukikuta ukungu unaorudi palepale kila mwaka, kuna maji yanayopenya ukutani, na hapo anatakiwa fundi.

Nguo zisirudi zikiwa na unyevu hata kidogo. Zishike shavuni, ukisikia ubaridi, bado.

Kufukiza

Makaa yawashwe nje, kwenye seredani au jiko la kawaida. Makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri sana kwa kazi hii, yanatulia na hayana moshi mwingi. Mkaa wa mti nao unafaa ukiwa umekauka. Vile vidonge vya mkaa vinavyowaka kwa kiberiti vina dawa ya kuwashia. Ukivitumia, viache mpaka cheche ziishe kabisa na vivae majivu ya kijivu, ndipo uweke udi. Kwa mkaa wowote subiri hiyo kijivu. Kaa jekundu linalowaka litauchoma udi wako badala ya kuufukiza.

Chetezo kiwe na kitanda cha majivu au mchanga mkavu, sentimita 2 au 3, kisipate moto chini na kuunguza meza. Weka makaa 2 au 3 kwa koleo, nyunyiza majivu kidogo sana juu yake, kisha kipande cha udi kisichozidi punje ya harage. Ule utando wa majivu unapunguza ukali, sukari inayeyuka taratibu, ubani unafuata, na moshi unaotoka ni mweupe na laini. Moshi ukiwa mweusi au ukiuma macho, kaa lina moto mno au umezidisha udi. Toa, subiri, anza upya na kipande kidogo zaidi. Siku zote kidogo.

Mimi naanza vyumba vya ndani nikija mbele, naishia mlangoni. Kila chumba dakika chache, dirisha likiwa wazi kiasi cha mkono kupita, pazia limefungwa fundo juu. Nyuma ya milango, chini ya vitanda, kwenye pembe. Wako wanaosoma Qur'ani au dua wakipita, wako wanaoimba, wako wanaonyamaza. Bibi alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, nami nafanya hivyo. Wako pia wanaoahidi kwamba moshi huu unaondoa hasadi na kutibu magonjwa, na hilo sikubaliani nalo. Mgonjwa aende hospitali.

Nguo zifukizwe nje ya kabati. Chetezo hakiingii kabatini hata kwa sekunde moja. Chukua tenga lililofumwa wazi, lipindue juu ya chetezo, tandaza kanga na kanzu juu yake, dakika 5 kwa kila tabaka, ukigusa mara kwa mara kuhakikisha hakuna joto kali. Pamba inashika harufu vizuri na inavumilia. Mabuibui ya siku hizi mengi ni ya nailoni na poliesta, yanayeyuka upesi. Hayo yatundike kwenye kamba mbali na kaa, moshi uyafikie kwa upepo tu. Baada ya hapo kunja moto moto uweke kabatini, na katikati ya kila rafu tia kifuko cha kitambaa chenye karafuu na kivumbasi kikavu. Kifuko hicho ndicho kitakachofanya kazi mpaka vuli, moshi utakuwa umeshasahaulika.

Ukimaliza nyumba nzima fungua madirisha yote, nusu saa. Harufu inayotakiwa ni ile inayobaki moshi ukishatoka.

Hili la hewa nalisisitiza kwa moyo wote. Kaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu waliolala. Usilale na chetezo chenye moto chumbani, hata kama baridi ya kusi inakupendezesha joto lake, hata kama kaa limebaki moja. Na udi wowote, wa bei yoyote, ni moshi: mwenye pumu akae nje mpaka hewa isafike. Watoto wachanga najua tumezoea kuwafukiza wao na nguo zao. Nguo zifukizweni saa kadhaa kabla na zipigwe upepo. Mtoto mwenyewe mwacheni. Mapafu yake bado madogo mno kwa zawadi hiyo, na harufu ataipata kwenye kanga ya mama yake.

Makaa yaliyobaki yazimwe kwa maji nje, uyageuze mpaka hakuna linalofuka, usiyatupe kwenye pipa la taka yakiwa na joto. Majivu ya chetezo, yale yaliyoshikana na sukari ya mwaka uliopita, yakwangue yote. Sukari ya zamani ikipata moto inatoa harufu chungu inayoharibu kila utakachokiweka juu yake. Osha chetezo, kianike, tia mchanga mpya uliochekechwa. Chupa ya udi uirudishe gizani, kifuniko kikiwa kimekaza, na kopo la maganda ya iliki lianze upya na chai ya jioni ileile.